Mkanda wa Lopeyok

Kibanda kimefungwa kwa vigingi vya mti,
hamna hata msumari mmoja.
Kiko nyuma ya mihogo, mbali na barabara ya Moroto,
na mwamba wa Soroti unakitazama mgongoni.
Ndani, kipima-sumaku kinaandika mstari mmoja
usiku kucha.

Saa nane mstari uliruka.
Nikatoka na tochi. "Lopeyok, umeingia?"
"Nimejibanza mlangoni tu, madam. Mvua."
"Na mkanda?"

Akajishika kiuno.
Mkanda wa zamani wa jeshi, bizimu ya chuma.
Akauvua, akautundika kwenye mwarobaini, hatua thelathini,
akarudi ameshika suruali kwa mkono mmoja.
Mstari ukatulia.
Kisha, bila mkanda wa mtu yeyote,
ukaanza kushuka.

"Na huyo nani?"

Nikamweleza kwa Kiswahili, maana Kiteso changu
na Kikaramojong chake vinaelewana nusu,
na hiyo nusu ndiyo hutugombanisha.
Nikasema: Dunia nayo imevaa mikanda.
Haionekani. Ni chembe zenye chaji,
sumaku imezishika, zinakimbia kaskazini, zinageuka,
zinakimbia kusini, zinageuka,
huku elektroni zikisogea mashariki, protoni magharibi,
pengine siku, pengine miaka.

"Zizi," akasema.
Haya, zizi.

"Zinaingiaje?"
Nyingine huzaliwa humo humo:
mwale wa mbali hugonga hewa, nyutroni hurushwa juu,
haina chaji, hupita popote, lakini maisha yake ni robo saa;
ikivunjika njiani, protoni inayobaki
hujikuta ndani ya boma na haikuvuka lango.
Nyingine zatoka juani. Dhoruba inapopiga
huzisukuma ndani kwa kishindo,
kutokea upande wa usiku.

"Kama sisi," akasema.

Mvua ikaongea yenyewe kwa muda.

Mwaka wa themanini na saba
babu Emuron aliamka akahesabu kamba.
Kamba arobaini na tatu.
Zilining'inia jikoni hadi nilipomaliza shule,
tukaanikia nguo.

"Nilikuwa na miaka tisa," Lopeyok akasema.
"Nilipewa ndama. Mweupe, sikio moja jeusi.
Hakumaliza kiangazi. Wakaja wengine wenye bunduki mpya."
Akavuta suruali juu.
"Na hizo zako, hutokaje?"

Kuna mawimbi huko juu; ukiyasikiliza kwenye redio
yanalia kama ndege wa alfajiri.
Hizi huzipa mbio za kutisha,
zile huzigeuza kidogo tu, kipembe tu,
zikakosa mahali pa kugeukia, zikadondoka hewani.
Nyingine hutokea nje: upepo wa jua hubana mpaka,
chembe inamaliza mzunguko wake
na mahali pale uzio haupo.
Nyingine hukutana na atomu iliyopoa,
huiibia elektroni moja, na kwa wizi huo
hulipwa deni lake lote.
Isiyo na chaji sumaku haiidai.
Inaondoka kwa kasi ile ile, imenyooka.

Akafikiri sana hapo.
"Wizi ndio unaiachilia?"
Ndiyo.
"Hilo andika vizuri. Watu watalielewa vibaya."

Mstari ulikuwa umeshuka nanotesla sitini
na bado unashuka.
"Dhoruba ikipita," akauliza, "zizi litajaa au litapungua?"
Nikamwambia ukweli: hatujui.
Dhoruba mbili za nguvu moja,
hii hujaza mkanda, ile huukomba,
na nyingine hupita ukabaki ulivyokuwa.
Ni mpaka uhesabu.

"Babu yako alihesabu," akasema.
Sikujibu. Nilikuwa na chai kwenye chupa,
kikombe kimoja, cha plastiki. Tukapokezana.

Asubuhi mkanda ulikuwa umelowa, mgumu kama ngozi mbichi.
Akauvaa hivyo hivyo, akatafuta baiskeli yake.
Mimi nikafungua daftari:

Saa nane na dakika tano, usumbufu: mlinzi.
Saa nane na robo: dhoruba, inaendelea.

Ndama sikumwandika.